Siku Tuliyofuturu Jua Halijatua

Baba yangu alifanya kazi kiwandani Changamwe kwa miaka ishirini na kitu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujua analala saa ngapi. Wiki hii aliingia asubuhi, wiki ya pili mchana, wiki ya tatu usiku, kisha mzunguko ukaanza upya. Kwetu ni Bofu, Likoni, kwa hivyo kila zamu ilikuwa na safari juu yake: aende kwa miguu hadi feri, avuke, apande basi, na wakati wa kurudi aianze njia ileile kinyumenyume. Wiki za usiku alifika nyumbani sisi tukienda shule, na Jumamosi mama alitufukuzia uani kwa kunong'ona kwa sababu baba amelala. Nimekulia katika nyumba ya kunong'ona mchana. Hata leo mtu akibamiza mlango saa nne asubuhi, nageuka kumnong'oneza anyamaze.

Na kulala kwenyewe hakukuwa kulala. Bati lilikuwa linawaka, jirani anatwanga, mwuza samaki anapita akinadi. Baba alitoka chumbani macho mekundu akauliza, "Saa ngapi sasa?" Ukimwambia saa nane, alitaka kujua saa nane ya mchana au ya usiku. Sisi watoto tulikuwa tukiangua kicheko. Ndugu yangu mkubwa alikuwa hodari wa kumwigiza, na mimi nilikuwa hodari wa kumchochea ndugu yangu aigize.

Alikuwa pia mtu wa kuugua ugua. Mafua yoyote yaliyofika Likoni yalianzia kwake. Alijigonga muundi kwenye ngazi za kiwandani, kidonda kikakaa miezi bila kufunga, mama akikiosha kwa maji ya chumvi kila siku. Halafu, miaka ya themanini ikielekea mwisho, akatokwa na mkanda wa jeshi: malengelenge yaliyopanga mstari toka mgongoni hadi kifuani, upande mmoja tu, yakamchoma hata asiweze kuvaa shati.

Miaka hiyo ndiyo neno kinga lilipoingia majumbani mwetu. Redio ilikuwa ikieleza juu ya ugonjwa mpya unaokula kinga ya mwili, na watu wakajifunza kusomana ngozi. Mkanda wa jeshi ulikuwa mojawapo ya dalili zilizotajwa kwa sauti ya chini. Wanawake waliokuja kumjulia hali baba walikaa karibu na mlango na hawakumaliza chai. Niliona mama amekitenga kikombe cha baba. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa: niliogopa baba atakufa, niliogopa mama atamfuata, na zaidi ya yote niliogopa kuuliza.

Walipimwa wote wawili. Hawakuwa na kitu. Tabibu aliyetusomea majibu, mzee wa miwani minene, alimuuliza baba swali moja tu, analala vipi, na baba akamweleza zamu zake. Tabibu akasema mwili una saa yake ndani, na askari wanaoulinda mwili nao huingia zamu kwa saa hiyo. Ukiivuruga, hawajui wakati wa kukesha wala wa kupumzika.

"Mzee wangu, tafuta kazi ya mchana," akamwambia.

"Inshallah," baba akajibu.

Wiki iliyofuata aliingia usiku. Sisi tulikuwa tumeshukuru mno kwamba si ule ugonjwa, hata hatukusikia kile tabibu alichosema kuwa ndicho kinachomuumiza.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tukadhani sasa atalala. Wapi. Usiku alikaa barazani, mchana akasinzia popote alipoketi, na kwa miezi kadhaa alikuwa mtu asiye na kazi ya kufanya wala mahali pa kujiweka. Kilichomwokoa ni msikiti wetu mdogo, ambao muadhini wake alikuwa amehamia kwa wanawe. Baba alikuwa na sauti. Wakampa adhana.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiyemjua alivyobadilika. Miaka yote king'ora cha kiwanda ndicho kilichomwambia lini aingie na lini atoke, na sasa yeye ndiye aliyewaambia watu. Alifua kanzu mwenyewe. Alitembea katikati ya njia. Wazee walimtania kwamba muadhini asiyelala ni neema, alfajiri haitawapita tena, na yeye akacheka na kujigonga kifua. "Saa iko humu," alikuwa akisema, na kweli hakuwa akitazama saa ya ukutani pale msikitini. Ikawa ni sifa yake. Watu wa Bofu walimwamini kuliko saa zao, na hili nataka lieleweke, kwa sababu ndilo lililotuponza: kwetu mtu anaweza kuwa na saa mbele ya macho yake, lakini katika Ramadhani hatii tende mdomoni mpaka asikie adhana, na akiisikia hatazami tena saa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa nikaachika, nimerudi kwetu, na nimepata kazi katika kiwanda cha samaki wa mikebe, ng'ambo ya feri. Zamu ya usiku, siku sita kwa wiki. Mama alipinga. Alisema ametosheka na kuishi na bundi mmoja. Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, nikaenda.

Kwa sababu nilikuwa nyumbani mchana, mimi ndiye niliyeona kwanza. Alasiri moja nilimkuta baba chumbani akifunga kamba za viatu vyake vya kiwandani, ambavyo mama alikuwa amevitupa chini ya kitanda.

"Waenda wapi, baba?"

"Zamuni. N'nachelewa feri."

"Umestaafu, baba."

Akamaliza fundo alilokuwa akilifunga. Halafu akacheka, akasema alikuwa akinijaribu, akavua viatu. Kuanzia siku ile nikawa namchunguza. Niligundua kwamba mchana ukisogea, kama saa kumi na moja hivi, kuna kitu kinamtoka. Anaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta. Anamuuliza mama kama watoto wameshaenda shule, na wawili kati ya hao watoto wameshaoa. Anakasirika bila sababu, yeye ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Asubuhi anaamka na akili zake timamu, na anakumbuka jina la kila nahodha wa feri aliyewahi kumvusha.

Sikumwambia mtu. Nilijua wazee wa msikiti wakisikia watamwondolea adhana, na nilijua bila adhana atarudi kuwa yule mtu wa barazani, na safari hii hatatoka tena. Kwa hivyo nikajifanya mimi ndiye saa yake. Kila jioni kabla ya kwenda kazini nilimwandalia maji ya kutawadha, nikajiongelesha kwa sauti, "Aa, kumi na mbili na robo hii, magharibi imekaribia." Yeye alijifanya hakusikia. Akavaa kofia, akatoka. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili, lakini nadhani alijua nafanya nini, na nadhani alikuwa akingojea sauti yangu. Tulikwenda hivyo miezi minane.

Siku hizi nasoma kila ninachopata juu ya mambo haya. Nasoma kwamba ubongo nao una askari wake wadogo, wanaofagia taka na kupigana na maradhi, na kwamba wao pia hufuata saa. Usiku mtu akilala vizuri wanafanya usafi. Saa ikivurugika miaka na miaka, askari hawa huanza kuzembea, taka zikarundikana, au huanza kushambulia nyumba waliyowekwa kuilinda. Wataalamu wenyewe wanakiri hawajui kwa uhakika lipi linatangulia: kama usingizi mbovu ndio unaoleta ugonjwa wa kusahau, au ugonjwa ndio unaoanza kwa kuuvunja usingizi kabla mtu hajasahau hata jina moja. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Mimi mwenyewe nilikesha miaka minne kiwandani, na sasa nikipoteza ufunguo nakaa chini kwanza kabla ya kuutafuta.

Ramadhani iliyofuata ilitukuta na mvua za mwanzo wa masika. Ilikuwa kumi la mwisho, zile siku kumi tukufu kuliko zote. Nilirudi kutoka kazini asubuhi nimechoka na saumu yangu, nikashinda namsaidia mama kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kufuturu, na baada ya alasiri nikajitupa kitandani. Nilijiambia nitafumba macho nusu saa tu.

Nilizinduliwa na adhana.

Chumba kilikuwa kizito, rangi ya majivu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa kitandani na sikujua, kabisa sikujua, kama ni alfajiri au magharibi, kama natakiwa kula au nimekwisha kuchelewa kula, kama nimetoka kazini au ndio naenda. Niliutafuta mwili wangu uniambie, nao haukuwa na habari. Hofu iliyonishika pale ilikuwa ya namna nyingine, kwa sababu niliitambua. Nilikuwa nimeiona machoni mwa baba akifunga kamba za viatu.

Nikatoka ukumbini. Umeme ulikuwa umekatika, mama amewasha kandili, na wageni wetu wawili walikuwa tayari wamekula tende na kunywa uji. Mama alikuwa na kikombe mdomoni. Mlangoni akasimama jirani yetu, mama mmoja Mkristo kutoka upande wa Kaloleni, ambaye alikuwa akitukaangia viazi vya karai kila siku ya mfungo na kutuletea vingali moto. Alikuwa na sahani mkononi na kanga kichwani, imelowa.

"Mwafuturu mapema leo, jirani?" akauliza. "Mimi ndiyo kwanza nimevitoa. N'lijua nina saa nzima."

Mama akageuka kuitazama saa ya ukutani, iliyokuwa pale siku zote juu ya kichwa chake. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Nje wingu lilikuwa limeshuka juu ya minazi na kila kitu kilikuwa cheusi, lakini jua lilikuwa bado liko huko nyuma yake, na lingekuwepo kwa zaidi ya saa moja. Mama akakirudisha kikombe mezani taratibu. Mtaa mzima ulikuwa kimya kwa namna ambayo nyumba huwa kimya watu wakila. Halafu sauti zikaanza, nyumba hii, nyumba ile.

Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta baba njiani, anarudi, kanzu imemganda mwilini, uso umetulia kabisa.

"Assalam alaikum, mwanangu," akasema. "Leo waja mapema toka kazini."

Wazee wa msikiti walikuja baada ya isha, watatu, mmoja wao mwalimu aliyekuwa akitusalisha. Walikuja kwa adabu, wakaulizia hali, wakakubali kahawa. Mwalimu akasema aliyekula akidhani jua limetua hana dhambi, ila siku itabidi ilipwe, na yeye ameona vizuri mtaa wote uilipe pamoja, Jumatatu moja ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee wangu, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje nini?"

"Adhana ya magharibi."

"Sijaadhini magharibi leo," baba akasema. "N'nani aloadhini?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango, na niliona pazia likitikisika. Mimi sikupaswa kusema mbele ya wazee, lakini nikasema.

"Ni wingu, mwalimu. Hata mimi nilidhani ni magharibi. Na baba ana homa tangu jana, hajui asemalo."

Nilidanganya katika kumi la mwisho, saumu ya mtaa mzima imeharibika, na nilidanganya kwa ufasaha. Mwalimu alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Akasema, haya, wingu. Mzee apumzike mpaka apone, kijana wa madrasa atashika adhana, na siku ya kulipa mzee ataadhini mwenyewe magharibi ili watu wafungue kwa sauti yake na jambo liishe. Wazee wale wengine wawili walitazamana, lakini wakakubali. Nilielewa kwamba amempa nafasi moja.

Tangu Idi mpaka ile Jumatatu sikupata amani. Nilimlisha asali na habasoda. Nilimzuia kusinzia mchana, nikamwimbia, nikamgombeza, nikamtembeza mpaka ufukweni na kurudi ili usiku alale. Mama akaniambia nitamuua kwa mapenzi. Wakati mwingine alilala usiku mbili tatu mfululizo, na asubuhi akawa yeye hasa, mcheshi, anataniana na jirani yetu, nami nikajiambia ni uchovu tu, yatapita. Kisha jioni inafika, anaanza tena kutembea ukuta hadi ukuta.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa safi. Nilishukuru kwa hilo kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Kazini nilikuwa nimeomba nichelewe kidogo, gari la kiwanda linichukue njia panda baada ya magharibi, kwa hivyo nilikuwa nimevaa tayari. Nilimtawadhisha baba. Nilimshika mkono mpaka mlangoni pa msikiti, ambapo mwalimu alimpokea, na jua lilikuwa linashuka wazi, jekundu, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Nikarudi nyumbani mbio. Mama alikuwa ameandaa tende katika kisahani. Majirani kadhaa walikuwa wamekaa uani kwetu, kila mtu na tende yake, wanazungumza mambo mengine kwa makusudi.

Adhana ikaanza dakika yake hasa. Niliitazama saa na nikalia. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote, imejaa, haina haraka, na mama akafumba macho. Wengine walikuwa wameanza kupeleka mikono mdomoni.

Akafika penye kuita watu kwenye ufanisi, mara mbili. Kilichobaki kilikuwa takbira, na shahada ya mwisho, basi. Badala yake, kwa sauti ileile tamu, baba akaendelea: "Asswalaatu khairun minan-naum." Swala ni bora kuliko usingizi. Akairudia.

Maneno hayo huadhiniwa alfajiri peke yake. Mtoto wa miaka mitano wa Bofu anajua. Ndiyo adhana inayomwambia mwenye kufunga aache kula. Uani kwetu mikono ilisimama hewani, tende zimeshikwa kwa vidole viwili, jua limezama mbele ya macho yetu na sauti inatuambia kumekucha. Mama hakula. Hakuna aliyekula. Kisha mzee mmoja akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini, akatia tende yake mdomoni akiwa ameinamisha kichwa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kutazamana.

Mwalimu alimleta nyumbani mwenyewe, wameshikana vidole kama vijana. Hakuingia. Aliniambia tu, "Mwangalieni sana," na nikajua adhana imekwisha.

Baba alisimama ukumbini akanitazama, nimevaa buibui langu, mkoba begani, niko tayari kwenda kukesha. Uso wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyetoka kuswali alfajiri na siku nzima iko mbele yake.

"Umerudi, mwanangu," akasema. "Pole na kazi. Nenda kalale."

Mama alifungua mdomo amsahihishe. Nikamkonyeza.

"Abee, baba. Nimerudi."

Akakunjua mkeka mwenyewe, akaupangusa kwa kiganja, akaniwekea mto. Nikavua buibui. Nikajilaza pale alipopaonyesha, naye akaenda kuufunga mlango polepole, akamgeukia mama na kidole mdomoni, ili nisiamshwe. Huko njia panda gari la kiwanda likapiga honi mara tatu, kisha likaondoka.